Kisima nacho kipimwe kila mwezi

Mwezi huu naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja kutoka kijiji kimoja cha Ulyankulu alimleta mtoto wake wodini. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, anaharisha, macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukampa vidonge vya zinki, na siku ya tatu akacheka. Wakati wa kuwaruhusu nilimpa mama yake somo ninalolitoa kila siku: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, funika chakula. Mama akaitikia, "Ndiyo, mama."

Baada ya wiki tatu akarudi na mtoto yule yule, ugonjwa ule ule. Nikamkemea mbele ya wenzake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa upole: "Mama, mimi nachemsha. Lakini pampu yetu imekauka tangu Septemba. Naamka saa tisa usiku kwenda mbugani, kwenye shimo la ng'ombe. Nikipata ndoo mbili ni bahati. Ya kunywa nachemsha. Ya kunawa mikono sina."

Nilinyamaza. Mtoto yule alipona. Yule wa kitanda cha jirani, aliyechelewa kuletwa kutoka kijiji hicho hicho, hakupona.

Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi. Kwa miaka yote ya kazi nilikuwa nauliza swali moja tu: "Maji yenu ni safi?" Sikuwahi kuuliza: "Maji yenu yapo? Na yatakuwapo mpaka mwezi gani?" Afya ya nyumba hukaa juu ya maswali hayo yote mawili. Leo tuzungumze juu ya lile la pili.

NCHI YETU NA KIU YAKE

Wazee wetu waliijua nchi hii kwa maji yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikupanga safari kwa maili bali kwa visima. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, kwa sababu wapagazi waliweza kutembea siku nzima bila kuona maji. Hata Mtemi Mirambo, ambaye ikulu yake ilikuwa Iselamagazi, huku huku Ulyankulu, na aliyefariki mwaka 1884, alitawala nchi ambayo mtu hujenga pale anapopata maji ya kiangazi.

Halafu ikaja historia ya karibu. Mwaka 1972 ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi walianza kupokelewa Ulyankulu. Walifyeka pori, wakapanga vijiji kufuata barabara zenye namba, na hadi leo jina la Barabara ya 13 linajulikana nchi nzima kwa sababu ya kwaya yake. Lakini watu waliongezeka upesi, na ikaonekana kwamba maji na ardhi ya hapa havikuwatosha wote. Mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo, upande wa Mpanda, na maelfu ya watu wa Ulyankulu wakahamishiwa huko. Waliacha nyumba, migomba na makaburi ya watoto wao. Waliobaki wakaendelea kujenga, na mwezi Oktoba 2014 wengi wa wale wa mwaka 1972 na watoto wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania.

Nayakumbusha haya kwa sababu tunasahau. Ardhi hii imekwisha kutuambia mara moja kwamba maji yake yana mwisho. Na sasa tu wengi zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika Mkoa wa Tabora. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 3,391,679. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja, na mifugo imeongezeka nasi.

MAJI YA ARDHINI HUKAA WAPI?

Wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mto mkubwa unaopita, na kwamba mwenye mashine ndefu ataufikia tu. Huku kwetu sivyo ilivyo. Chini yetu kuna mwamba mgumu wa matale. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la mawe yaliyooza na mchanga, na katika mwamba wenyewe kuna nyufa. Maji ya mvua hushuka polepole, yakajaza nafasi ndogo za mchanga na zile nyufa. Hiyo ndiyo ghala yetu. Pengine ni nene, pengine ni nyembamba, na ndiyo maana mtu mmoja huchimba akapata, na jirani yake akachimba akakuta vumbi.

Wazazi, fanyeni jaribio hili na watoto nyumbani. Chukueni karai, jazeni mchanga wa mtoni, mmimine maji mpaka mchanga ulowe hadi nusu. Kisha chimbeni shimo dogo katikati. Mtaona maji yanaingia shimoni yenyewe. Hicho ndicho kisima. Sasa fanyeni mambo matatu.

Kwanza, choteni maji kwa haraka. Shimo litakauka, mkingoja kidogo, litajaa tena. Hii ndiyo sababu pampu hutoa hewa jioni na asubuhi ikatoa maji.

Pili, chimbeni shimo lingine karibu, refu zaidi, mkachote humo. Lile la kwanza litakauka. Maana yake visima viwili vilivyo karibu ni kinywa mbili za chungu kimoja.

Tatu, mwageni maji yenye rangi pembeni mwa karai. Baada ya muda mtayaona shimoni. Hivyo ndivyo uchafu wa choo unavyosafiri.

Mtoto aliyeona jaribio hili amekwisha elewa nusu ya mambo ambayo kamati nyingi za maji hazijayaelewa.

SOMO KUTOKA MAKUTAPORA

Twende kidogo upande wa mashariki, kwa kufuata ile ile njia ya zamani ya misafara ambayo baadaye ikawa njia ya reli. Karibu na Dodoma kuna eneo la visima liitwalo Makutapora, ambalo kwa miaka mingi limeunywesha mji ule. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji wamekuwa wakipima pale kina cha maji ardhini na kuandika. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha walichokiona katika kumbukumbu za miaka 55.

Waliona jambo la ajabu. Ghala ya chini haijazwi kila mwaka. Kwa miaka mingi mfululizo maji hushuka tu, kidogo kidogo, hata kama mvua imenyesha na mahindi yameiva. Kisha huja masika mazito machache, nayo hujaza ghala kwa wingi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizojaza kuliko zote katika miaka hiyo.

Hapo tunajifunza mawili. La kwanza: mvua ya kutosha shamba si lazima iwe imetosha kisima. La pili: mwaka wa neema hatuna budi kuutumia kwa kiasi, kwa maana ndio utakaotuvusha miaka kadhaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba isiyohesabiwa huisha bila mwenyewe kujua. Na jambo hili lisingejulikana kamwe kama watu wa Makutapora wasingepima na kuandika.

KADI YA KLINIKI YA KISIMA

Kina mama, mnaijua kadi ya kliniki. Mtoto hupimwa uzito kila mwezi, na alama huwekwa kwenye mstari. Mstari ukipanda, tunashukuru. Ukilala, tunauliza anakula nini. Ukishuka, tunachukua hatua kabla hajadhoofika. Hatungoji mtoto aanguke ndipo tumpime.

Basi kisima nacho kipewe kadi yake. Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala elimu kubwa.

1. Tafuteni kamba imara isiyonyonya maji wala kuvutika. Fungeni chuma kidogo kizito mwishoni. Wekeni alama kwa kila nusu mita.

2. Chagueni siku moja ya mwezi, isibadilike. Pimeni alfajiri, kabla mtu wa kwanza hajachota, kwa sababu usiku kisima kimepumzika.

3. Safisheni kamba kwa maji yenye klorini kabla ya kuishusha. Tusipeleke ugonjwa tukidai tunapima.

4. Shusheni mpaka chuma kiguse maji. Hesabuni kutoka mdomo wa kisima hadi usawa wa maji. Kwa kisima chenye pampu, fundi wa kijiji awafungulie tundu la kupimia, msilazimishe wenyewe.

5. Andikeni katika daftari: tarehe, kina, na mvua iliyonyesha kama kuna anayeipima. Shule ya msingi iliyo karibu inaweza kusaidia sana.

6. Linganisheni Oktoba na Oktoba, si Oktoba na Aprili. Kila kisima hushuka kiangazi. Hilo si ugonjwa. Tuseme Oktoba ya mwaka wa kwanza maji yalikuwa mita 9 chini, ya pili mita 10, ya tatu mita 11, na kisima kina urefu wa mita 12. Hapo huhitaji mtabiri. Kisima hicho kinakonda, na Oktoba inayofuata kinaweza kukauka.

KIPIMO KIKISHUKA, TUFANYE NINI?

Wengi husema: tuchimbe kingine. Pengine ndiyo dawa. Lakini kumbukeni lile shimo la pili kwenye karai. Na kisima kirefu ni fedha nyingi, mwamba ni mgumu, na mara nyingine mashine huondoka bila kuleta maji. Kabla ya hapo kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

Tujue kipimo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kwa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha maji kwa watu 250 ndani ya mita 400. Maana yake ni lita 6,250 kwa siku, yaani ndoo kubwa zipatazo 312 kutoka kituo kimoja. Hesabuni ndoo zenu kwa siku mbili. Mtajua kama kisima kinabeba mzigo wake au mzigo wa vijiji viwili.

Mifugo iwe na maji yake. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi aweza kunywa lita 25 hadi 30 kwa siku, sawa na mtu mmoja. Ng'ombe 100 wakinywa kisimani ni kama wageni 100 wamehamia kijijini. Lambo la kukinga maji ya mvua ni bora kwao, na kinyesi chao kitakuwa mbali na maji yetu.

Vitalu vya tumbaku. Hapa najua naingia jikoni kwa watu, maana tumbaku ndiyo ada ya shule. Lakini vitalu humwagiliwa miezi ile ile ambayo ghala ya chini iko tupu zaidi. Kitalu kisipewe maji ya kisima cha kunywa. Kamati ipange sehemu nyingine mapema, mwezi wa Julai, kabla ya ugomvi.

Pampu ipumzike. Siku hizi tumepata pampu za umeme wa jua, nazo ni neema kubwa. Zamani bei ya dizeli ilitulazimisha kuzima mashine. Sasa jua halitudai chochote, na pampu yaweza kuvuta tangu asubuhi hadi jioni. Wekeni saa za kuvuta kufuatana na kipimo, na mtu aangalie tanki lisifurike.

Tukinge mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa 5, ikipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 300. Hata zikipotea lita 60, bado ni ndoo 12 ambazo mama hakuzifuata. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yaoshe bati.

Tuisaidie ardhi inywe. Makinga maji shambani, nyasi zisizochomwa, na miti iliyoachwa kuzunguka chanzo hupunguza mbio za maji ya mvua yakapata nafasi ya kuzama. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au mwambao wa ziwa. Tusingoje kushtakiwa.

USAFI WA KISIMA

Kisima kinapopungua, uchafu uliobaki hukolea. Kwa hiyo choo kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa bondeni, si mlimani. Tusioshe kamwe bomba la kupulizia dawa ya tumbaku au pamba karibu na kisima. Sumu hiyo haionekani wala haitoki kwa kuchemsha.

Yapo na mambo mengine mawili ambayo kuchemsha hakuyaondoi. Naitreti, inayotoka vyooni, kwenye samadi na mbolea, ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Huweza kuipunguzia damu yake hewa, akawa wa bluu midomoni. Hii ni sababu nyingine ya kumnyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Na floraidi, inayotoka kwenye mawe yenyewe, hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi sana hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo kila kisima kipya kirefu kipimwe maji yake maabara kabla ya watu kuanza kunywa.

NYUMBANI, WAKATI WA UHABA

Maji yakiwa machache, yagawanywe kwa akili. Ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi, yachemke mpaka yatokote vizuri, au yatiwe kidonge cha klorini kwa kufuata maelezo. Ya kunawa mikono yasikosekane: kibuyu chirizi, yaani kidumu kidogo chenye tundu, hunawisha familia kwa maji kidogo sana. Maji yaliyooga mtu yamwagilie mchicha.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Kama hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Mlete kituoni akapate zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au hawezi kunywa, usingoje kesho.

NANI MSIMAMIZI?

Maji ya ardhini si mali ya mwenye shamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayaweka chini ya dola kwa niaba ya wananchi wote. Anayetaka kuchimba kisima kirefu kwa mashine hana budi kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwetu ni Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo makao yake yako Kigoma. Kwa miradi ya vijijini, tangu mwaka 2019 yuko Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Na kijijini ipo jumuiya ya watumiaji maji, inayochaguliwa na ninyi.

Hapo ndipo penye tatizo. Wizara ilipoorodhesha vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vituo vinne kati ya kumi vilikutwa havitoi maji. Vingine vilikaukiwa, lakini vingi vilikosa kipuri, fundi, au mtu wa kutunza fedha. Kwa hiyo mapato ya ndoo yasomwe hadharani kila mwezi, pamoja na kipimo cha kisima, siku ile ile. Fedha na maji vihesabiwe pamoja. Na kina mama wawemo kwenye kamati, si kupika chai ya wajumbe bali kutoa maamuzi, kwa maana ndio wanaoamka saa tisa usiku.

Yule mama niliyemkemea alirudi kwao na kamba niliyomnunulia sokoni. Mjumbe mmoja alimcheka, akamwambia kisima si mgonjwa. Mwalimu wa shule ya kijiji akamuunga mkono, na daftari likaanza. Mwaka wa pili walikubaliana vitalu vihamie kwenye lambo. Sisemi kwamba kisima kile kimepona. Oktoba iliyopita kilitoa maji kwa kusuasua, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini kilitoa. Na mwezi ule sikumwona yule mama wodini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kisima chetu kina urefu gani, na leo maji yako mita ngapi chini?
2. Kiangazi kilichopita kilikauka mwezi gani? Nani aliandika?
3. Ni nani anayechota zaidi ya wote, na tumekwisha kaa naye kuzungumza?
4. Nani atashika kamba na daftari kuanzia mwezi ujao?